Ngazi za swimingi zilizobonyea: fundi wa Mwanjelwa nampa nyota nne

Naandika hii kwa ajili ya wale wachache wenye bwawa la kuogelea nyumbani hapa Mbeya, na wa Iringa na Njombe pia, maana mimi nilipokuwa natafuta ushauri kila niliyemuuliza aliniambia niite fundi kutoka Dar. Hamna haja ya Dar. Kuna mzee mmoja karakana yake iko Mwanjelwa, upande wa kule Sido, anafanya kazi za faibaglasi, matangi, mabampa ya magari, na zamani alikuwa anaziba boti huko Kyela ziwani, ndo amenitengenezea ngazi za bwawa zilizokuwa zimebonyea na kupasuka. Kazi yake ni nzuri sana, mawasiliano yake mabovu, na rangi tutaongea huko mbele.

Kwanza mjue bwawa lenyewe ni la aina gani maana ushauri wote unategemea hapo. La kwetu ni ganda la faibaglasi, yaani linakuja zima limeshaundwa kiwandani Afrika Kusini, ngazi zikiwa humo humo, linapakiwa kwenye lori linapita Zambia linaingia Tunduma, huku linachimbiwa shimo linashushwa na kufukiwa pembeni. Nyumba tuliinunua likiwa tayari lipo, huku Isyesye, kwaiyo aliyelifukia simjui na bora nisimjue. Watu wananicheka eti swimingi Mbeya ya nini wakati watu wanaoga maji ya kuchemsha, na kweli Juni na Julai mimi siingii humo hata kwa kulipwa, ila watoto hawana habari na baridi, na Oktoba jua likianza kuwaka kila mtoto wa mtaa anakuwa rafiki wa wanangu.

Tatizo lilianza taratibu. Ngazi ya pili kutoka juu, mtu mzima akiikanyaga ilikuwa inashuka alafu inarudi, unaisikia kabisa chini ya unyayo, watoto wenyewe hawakuwa wanaihisi kwa sababu ya uzito wao. Baba watoto akasema faibaglasi ndo ilivyo, inacheza, tuiache. Baadae ikaacha kurudi, ikabaki imedidimia katikati, na pale inapokutana na ukuta wa ngazi ya juu yake ukatokea ufa mwembamba, urefu wa kiganja hivi, ukipitisha ukucha unanasa. Pembeni yake kukawa na vimistari vingine vidogo vidogo vimesambaa. Masika hatukuona kitu maana mvua inajaza bwawa yenyewe, ila kila mvua ikipumzika siku kadhaa naona maji yameshuka, nafungulia bomba, yanashuka tena, na bili ya maji ikaanza kunishangaza.

Kabla ya huyu mzee walipita wataalamu wengine hapa, siwataji. Mmoja alikuwa fundi bodi wa magari, akataka apake puti ile ya magari, apige msasa, apulize rangi, kazi ya asubuhi moja na bei ya kutupa. Jamani puti ya gari inanyonya maji, imetengenezwa ikae juu ya bati na kufunikwa na rangi, sio kuzama kwenye maji yenye klorini mwaka mzima huku inakanyagwa, na hata ingeshika, ngazi ambayo chini yake hamna kitu itaendelea kucheza, na ikicheza itapasua chochote ulichopaka juu yake. Mwingine akaja na wazo la povu la kopo, lile la kuzibia fremu za milango na madirisha, atoboe apulize ndani. Lile povu linakauka kwa kutumia unyevu wa hewa, ukilijaza kwenye uwazi mkubwa kwa mpigo mmoja nje linakauka katikati linabaki bichi, na hata likikauka ukilikandamiza linabonyea. Kweli lipo povu la kazi hizi, la dawa mbili zinazochanganywa, nchi za wenzetu wanalitumia sana kujazia chini ya ngazi, lakini sio hili la duka la vifaa vya ujenzi la elfu kadhaa. Wa mwisho ndo alinitisha kabisa, huyu alitaka tumwage maji yote, tuvunje ngazi, ajenge nyingine za zege. Na hiyo ilikuwa Aprili, mvua inapiga mchana na usiku.

Hapa kwenye kumwaga maji yote naomba msome vizuri. Ganda la faibaglasi likiwa tupu ni jepesi, maji yaliyomo ndani ndo yanalikandamiza likae shimoni. Masika udongo wa nje umeshiba maji, na kiwanja chetu kiko chini ya mteremko, Aprili ukichimba tu shimo la kupanda mche wa parachichi maji unayakuta. Sasa ukitoa maji ya ndani yote, ya nje yanasukuma ganda kwenda juu, linaibuka lote, au kuta zinabinukia ndani, na likishaibuka hutengenezi ngazi tena, unatafuta bwawa jipya. Watengenezaji wenyewe wanakataza kulimwaga bila kuwasiliana nao. Kwaiyo fundi yeyote akikwambia neno la kwanza "tumwage maji yote" na wala hajauliza bwawa ni la ganda au la zege, wala hajauliza habari za maji ya chini ya ardhi, mpe chai anywe alafu msindikize getini.

Huyu mzee nilielekezwa na jirani aliyetengenezewa tangi. Alikuja Mei kwa bodaboda, mkononi ana bisibisi moja na kipande cha chaki, basi. Shikamoo mzee, marahaba binti yangu, akavua viatu akakunja suruali akaingia kwenye yale maji ya baridi bila hata kuguna. Akawa anagonga ngazi kwa mpini wa bisibisi, anasogea kiganja kimoja anagonga, anasogea anagonga, kichwa amekiinamisha. Penye udongo nyuma panatoa mlio mfupi unaokufa hapo hapo, penye uwazi panatoa mlio mnene unaosafiri, na mimi niliyekuwa nimesimama nje kabisa niliisikia tofauti. Kila alipokuta uwazi anachora alama ya chaki kwenye pavingi ya ukingoni usawa wa pale. Alipomaliza, chaki ilikuwa imezunguka kona yote ya ngazi ya pili na ya tatu na kipande cha ukuta ulioshikana nazo. Alafu akanyoosha mgongo, badala ya kuangalia ngazi akaangalia juu ya nyumba, akauliza, "Hili bomba la gata linamwaga wapi?"

Linamwaga pale pale nyuma ya ngazi. Maji ya upande mzima wa paa yanashukia hapo, miaka yote, na hakuna hata mmoja wa waliotangulia aliyeinua macho. Udongo wa huku kwetu mnaujua, mwepesi, wa majivu ya volkano za zamani, una vile vijiwe vyepesi vinavyoelea kwenye maji, ukiurudishia shimoni bila kuushindilia vizuri na ukaumwagia maji ya paa kila mvua lazima ushuke, na ukishuka ngazi inabaki inaning'inia hewani. Kisha ngazi inapasuka, maji ya bwawa nayo yanatokea kwenye ufa yanazidi kuuchimba huo udongo, ndo unakuta kadiri siku zinavyoenda uwazi unapanuka. Mzee akaniambia wazi, "Nikiziba huu ufa bila wewe kuhamisha hilo bomba, nitakuwa nimekula hela yako bure, na mimi nina wajukuu, sitaki laana." Tukahamisha bomba kabla ya kitu kingine chochote, fundi bomba wa mtaani alilifanya kwa hela ndogo tu, sahivi linamwaga kwenye mtaro wa barabarani.

Alitupimisha pia kama kweli maji yanavuja au ni jua na upepo tu, na hii mnaweza kufanya wenyewe bure. Unachukua ndoo unaiweka juu ya ngazi, ndani unaweka maji mpaka yalingane na maji ya bwawa, unapiga alama kwa kalamu ndani ya ndoo na nyingine ukutani mwa bwawa, unazima pampu, unaacha siku nzima mchana na usiku, wasiingie watoto. Maji ya ndoo na ya bwawa yote yanapungua kwa jua na upepo, ila kama ya bwawa yamepungua zaidi ya ya ndoo basi yanatoka mahali. Ya kwetu yalizidi. Alafu akachukua bomba la sindano la duka la dawa akalijaza rangi ya chakula nyekundu, maji yakiwa yametulia kabisa, akaikamua pole pole karibu na ufa. Ile rangi ikavutwa ikaingia ndani ya ufa kama uzi. Vile vimistari vidogo vya pembeni rangi ikapita juu yake ikasambaa tu, akasema hivyo ni vya koti la juu peke yake, lile tabaka la rangi, haviendi ndani, visikunyime usingizi.

Sasa ratiba yake ndo ilinikera. Mimi nilitaka kazi ifanyike wiki hiyo hiyo, yeye akasema udongo bado umelowa, tusubiri Julai ukauke ndo tujaze chini ya ngazi, na kazi ya faibaglasi yenyewe tuisogeze mpaka mwishoni mwa Agosti. Nikaona ananizungusha, maana mafundi tunawajua. Kumbe ana sababu. Resini ya polista, ile gundi ya maji maji inayoloweshwa kwenye nyuzi za faibaglasi ikagande, inataka joto, ikiwa chini ya nyuzi 15 hivi inagoma kukauka vizuri, inabaki laini au inanata, na sisi hapa tuko mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai unashuka chini ya nyuzi 10, asubuhi saa tatu bado mtu kavaa koti. Mafundi wenye haraka dawa yao ni kuzidisha ile dawa ya kugandishia, ila kipimo chake ni asilimia 1 mpaka 2 ya uzito wa resini, ukizidisha sana inachemka, inakuwa dhaifu, inapasuka. Kwaiyo kwa watu wa Mbeya, Njombe, Mafinga, mwezi mzuri wa kazi hii ni Septemba na Oktoba, udongo umekauka, jua lipo, mvua za Novemba hazijaja. Kipindi cha kusubiri alitufungia ngazi zile kwa kamba tukaning'iniza ngazi ya chuma upande wa pili, maisha yakaendelea.

Julai akaja na kijana wake. Maji waliyashusha tu mpaka chini kidogo ya ngazi ya tatu, kule kwenye kina maji yakabaki. Wakang'oa pavingi nyuma ya ngazi, wakachimba, na pale ndo nilijionea mwenyewe, mkono wa kijana uliingia chini ya ngazi ya pili mpaka kwenye bega na haukugusa kitu. Tulikuwa tunakanyagia ganda tupu, sijui hata lilivumilia vipi. Wakatoa udongo wote uliolegea, wakatoboa matundu madogo kwenye ngazi kwa drili ili hewa itoke na waone kujaza kunafika wapi. Mchanganyiko wenyewe ni mchanga laini uliochekechwa na saruji kidogo, umelegezwa kama uji wa mgonjwa, wanaumimina kwa chupa kubwa ya soda iliyokatwa kitako, kijana anausukuma kwa ufito ufike pembeni.

Na hapa ndo nilijua huyu mtu anajua kazi. Hakujaza yote. Alijaza kimo cha kama sentimita 20 akaacha, akasema tutaonana kesho. Ule uji ni mzito, uzito wake ni karibu mara mbili ya maji, na upande wa ndani maji yameshushwa hakuna kinachousukumia nyuma, ukimimina wote kwa mara moja utainua ngazi au kuibinua kwa ndani, na ikigandia hapo umekwisha. Juu ya ngazi alipanga mifuko ya mchanga, na ukuta wa mbele akaukingia mbao na mirunda ya kuegemea upande wa pili. Kila siku kimo kidogo, inashika, kesho yake kingine, mpaka ule uji ukaanza kuchungulia kwenye matundu ya drili ya ngazi ya juu. Ile ngazi iliyodidimia aliinua kwanza kwa jeki ndogo ya gari akiwa ameipitishia kwa nyuma juu ya kipande cha mbao, taratibu sana, akiangalia kipimamaji. Haikurudi sawa kwa asilimia mia, kuna tofauti ndogo ukiweka kipimamaji, ila kwa mguu huisikii. Alituambia mapema kwamba akiilazimisha zaidi itapasuka kwingine, mimi nilikubali.

Baada ya hapo akapotea. Agosti nzima napiga simu haipokelewi, natuma ujumbe Wasap naona tiki mbili tu zimekaa hapo. Ukitaka kumpata nenda karakana asubuhi kabla ya saa nne, simu yake ni ya mapambo. Hii nampunguzia alama bila huruma, maana tayari nilikuwa nimeshatoa hela ya vifaa na nyuma ya nyumba kuna shimo wazi na watoto, niliweka mabati juu nikawa naamka usiku kuangalia.

Alirudi kama alivyoahidi mwishoni mwa mwezi, amejiamini kama vile hakuna kilichotokea, na kazi ya faibaglasi ikaanza. Ufa hakuuziba, aliufungua. Mwanzo na mwisho wa ufa alitoboa tundu dogo ili usiendelee kukimbia, alafu akashika grenda akausaga uwe mpana juu na mwembamba chini. Nilidhani anasaga kidogo, weee, alisaga eneo kubwa mpaka nikaogopa. Akanieleza hesabu yake, unene wa ganda mara kumi na mbili, yaani ganda la milimita 6 unasaga karibu sentimita 7 kila upande wa ufa, ndo vile viraka vipya vipate sehemu ya kushika, vinginevyo vinabanduka. Kisha akafuta kwa asetoni, akaweka taa kubwa ya balbu ya moto juu yake chini ya turubai, siku nzima tu kukausha, hakupaka kitu, kwa sababu unyevu ukibaki humo ndani resini haishiki. Kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa tisa ndo muda wake wa kupaka, ikifika saa kumi kaupepo ka huku kwetu kakianza anafunika anaondoka.

Anakata mkeka wa nyuzi za kioo vipande, kila kipande kikubwa kuliko kilichotangulia, analowesha resini kwa brashi, anakandamiza kwa rola yenye meno kutoa mapovu. Povu likibaki ndani baadae linakuwa tundu. Yale matundu ya drili nayo yakazibwa hivyo hivyo. Jambo jingine lililonifurahisha, kijana alianza kuchanganya ile dawa ya kugandishia bila miwani, mzee akamnyang'anya kikombe akamfukuza akavae. Ile dawa ikiruka jichoni inaweza kumpofusha mtu, sio mchezo. Mimi na watoto akatutoa kabisa upande ule. Juu ya yote akapaka koti la rangi, jelikoti wanaliita, akalifunika na nailoni nyepesi kwa sababu likiwa wazi kwenye hewa juu linabaki linanata. Akatukataza kujaza maji mpaka wiki ipite.

Matokeo: ngazi zimekuwa ngumu. Baba watoto ambaye ni kilo tisini na kitu, ndo aliyesema faibaglasi inacheza, aliruka juu yake kwa makusudi mara kadhaa, haikutikisika. Kipimo cha ndoo tumerudia, ndoo na bwawa vinashuka sawa. Bili imerudi pale ilipokuwa.

Gharama kwa jumla, vifaa na kazi, imekaa kwenye milioni moja na laki mbili, bila pavingi kurudishiwa ambayo nilimlipa mtu mwingine. Kuna watakaoona ni nyingi. Yule wa puti alitaka robo yake, yule wa kuvunja alitaka mara tatu na zaidi. Vifaa mzee alinunua mwenyewe akaleta risiti zote, hata za msasa, na resini iliyobaki kwenye galoni aliniachia, kitu ambacho sijawahi kuona fundi anafanya.

Mabaya mengine nayo niyaseme. Vumbi la grenda. Hakutuambia siku ya kusaga, nimeanika nguo, jirani ana chainizi lake kwenye tuta karibu na ukuta, vumbi la faibaglasi likatua kila mahali, na lile vumbi linawasha balaa, shuka moja nimefua mara nyingi mwishowe nikalifanya dekio. Angesema tu mama leo nasaga, tungeanua. Harufu ya resini nayo inaingia mpaka jikoni, kama una mtoto mchanga au mtu wa pumu mpeleke kwa ndugu siku hizo.

Na rangi. Bwawa letu ni la bluu iliyopauka kwa jua na dawa, yeye kaleta bluu mpya inang'aa, sasa kuna kiraka kwenye ngazi ya pili unakiona ukiwa getini. Mwenyewe anasema bluu ile ya zamani hakuna mtu anaweza kuipata sawa sawa, inabidi kukisugua na kung'arisha eneo zima ili vikaribiane. Naelewa, ila angeniambia kabla, sio baada ya mimi kushika kiuno.

Kuhusu hiyo kupauka kuna kitu alinifundisha ambacho yule kijana wetu wa usafi alikuwa anakosea tangu zamani. Alikuwa anamimina klorini ya unga moja kwa moja juu ya ngazi, kwa sababu ndo pa karibu, ile chenga zinakaa pale zinakula rangi na koti la juu. Iyeyushwe kwanza kwenye ndoo, na unatangulia maji ndo unatia dawa, sio dawa ndo umwagie maji, kisha unaizungusha bwawa zima pampu ikiwa inafanya kazi.

Mwenye bwawa la zege na vigae, na najua wengi wa Iringa ndo mnayo hayo, habari yenu ni tofauti kidogo, nilimuuliza mzee akanijibu kwa ufupi akiwa anakula. Ngazi za zege nyingi zinapasuka pale zinapoungana na ukuta, kwa sababu ukuta ulimwagwa kwanza, ngazi zikaja kujengwa baadae bila nondo za kuziunganisha, kwaiyo ni vitu viwili vimeegemeana. Kupaka lipu juu ya ufa au kubandika kigae kipya ni kuusubiri urudi. Inatakiwa kung'oa vigae, kuchonga mpaka zege zima lisilobomoka, kama nondo zina kutu zisafishwe, kutoboa na kupandikiza nondo fupi kwa epoksi, kujaza, alafu dawa ya kuzuia maji ile ya asili ya saruji, mbili tatu tabaka, ndo vigae virudi. Hiyo kazi yeye hafanyi, anasema tafuteni fundi mwashi anayejenga matangi ya maji ya zege, msimtafute wa nyumba za kawaida.

Tulikubaliana atarudi kung'arisha hicho kiraka kabla mvua hazijaanza, na kwenye hela yake nimebakiza laki moja na nusu. Kumshikia hela mzee wa umri wa baba yangu ni shughuli, mama mkwe amenisema sana. Juzi kanipigia mwenyewe, kumbe simu anajua kuitumia. "Ndaga binti yangu, ile hela yangu ipo?" Nikamwambia ipo mzee, rangi ndo haipo. Akacheka mpaka akakohoa, amesema anakuja Jumamosi.